Fundi Ana Mafua, Asingizia Vumbi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ndoa yangu haijanifia mkononi, maana mimi ni fundi cherehani, sinywi, sivuti, wala sina mwanamke wa nje, lakini mke wangu amembeba mtoto wetu wa kwanza, wa wiki tatu tu, amekwenda zake kwa mama yake, na kosa langu ni mafua. Ndiyo, mafua, haya haya ya kila msimu! Yalinianza Jumatatu, homa, kikohozi, mwili unauma kama nimepigwa, lakini mimi tangu nifungue duka sijawahi kulazwa kitandani na ugonjwa, na kulikuwa na sare arobaini za kwaya zinanisubiri, basi nikaenda kazini nikashona, nikipiga chafya nageukia ukutani, uzi naulowesha kwa mate uingie kwenye tundu la sindano kama kawaida, pini nazibana mdomoni, na fundi mwenzangu tunayekaa naye meza moja akiishiwa pini ananyoosha mkono nampa, kufika Alhamisi na yeye yuko hoi, na wanakwaya wanne niliowapima nasikia hawana sauti.

Nyumbani nilimwambia mke wangu ni vumbi la vitambaa, kwa sababu ningesema mafua asingenipa mtoto nimbebe, na mshauri, mtoto yule nikimbeba nasahau uchovu wote, sasa Ijumaa nimempakata ikanitoka chafya, sikuwahi hata kugeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni akaniuliza, "Baba, vumbi gani hilo linalotoa makamasi?" nikajifuta pua kwa mkono, yeye na mke wangu wakafungasha. Nimemeza antibiotiki zilizobaki tangu siku zile jino lilipouma, nimeacha maji ya baridi, nimefunga madirisha yote upepo usiingie, lakini leo Jumapili bado nakohoa. Kesho nataka nikamchukue mke wangu. Naomba umwambie hapa gazetini kwamba mafua si sababu ya kuhama nyumba, nilikate nimpelekee.

Fundi mpweke

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole ya homa. Hayo mengine umejitakia.

Eti nimkaripie mkeo? Thubutu! Mwanamke yule ana akili za watu wawili, na bahati yako, maana za kwako zilikuwa likizo. Ukitaka kukata gazeti, kata, usome mwenyewe.

Kilichokushika ni kirusi, si upepo wala maji ya baridi. Kinakaa kwenye mate, kamasi na matone ya chafya, na wewe, ndugu yangu, ulikuwa unakigawa pamoja na pini! Unageukia ukutani, halafu mkono uleule uliojifutia pua unamzungushia mteja tepu kiunoni. Mtu huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, akaendelea siku tano hadi saba, wengine zaidi. Antibiotiki haziui kirusi, sembuse masalia ya jino. Na hayo madirisha fungua, hewa ipite. Unajisifu hulali kwa mafua, kumbe unawalaza wenzio.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho huendi popote. Shika simu leo, mwombe mama mkwe radhi bila kutaja vumbi, uulize hali ya mtoto. Akichemka, akipumua haraka au kwa shida, akikataa ziwa au akilegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ukweli kwamba baba alimpigia chafya. Mkeo aendelee kunyonyesha.

Wewe lala, unywe maji ya kutosha, usirudi dukani mpaka umalize siku nzima huna homa, tena bila kidonge cha kuishusha. Kifua kikikubana au homa ikirudi, nenda ukapimwe. Ukipona, pini chomeka kwenye kijimto, uzi ukate mshazari kwa mkasi mkali, utaingia bila mate yako. Chafya piga kwenye kiwiko, mikono osha kwa sabuni kabla hujamgusa mteja. Wanakwaya nao waambie kilichowapata, wasije wakadhani wamelogwa.

Tena muulizeni daktari chanjo ya mafua ya msimu. Mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi, kwa hiyo kinga yake ni ninyi wakubwa: wewe, mkeo, na huyo mama mkwe mwenye macho.

Najua unamkumbuka mwanao, na inauma, sikucheki kwa hilo. Lakini mtoto wa wiki tatu ana kazi tatu tu duniani, kunyonya, kulala na kupumua, na pua yake haifiki hata tundu la kifungo. Mwache apumue. Mkeo atakufungulia siku utakayobisha hodi bila kukohoa.