Jina la Buluu

Kijijini, Barisal, Jumanne

Baba mtoto,

Salamu nyingi huko Malesia. Nashindwa hata kukuita Baba Fulani, maana akika ni Ijumaa na mtoto bado hana jina. Mbuzi tumeshampata, naye ameanza kwa kumaliza mchicha wa jirani.

Hilo jina ulilotuma, Nilima, lenye maana ya buluu, limezua mabishano. Mama yako kalipenda: "Buluu ni rangi ya mbinguni." Dada yako Rokeya kacheka: "Basi mwanangu mweusi ningemwita Lami!" Mimi nikasema silitaki, wakaniona mkaidi.

"Kwani buluu imekukosea nini, Morjina?" mama yako akaniuliza, tambuu imemjaa mdomoni.

Nikasingizia kwamba jina la rangi ni la kitambaa, si la mtu.

Sababu yenyewe sikuwaambia. Nakuandikia wewe, maana kwenye simu ningelia. Mwanetu akinyonya anahema kama aliyekimbizwa, na akilia, midomo na kucha zinageuka buluu. Namvisha soksi nyekundu mikononi wageni wasione. Jana nilimpeleka kwa daktari mjini kwa siri. Kasema moyo una tundu, apelekwe Dhaka upesi.

Rudi, mume wangu. Peke yangu siwezi. Na mtoto mchagulie jina lolote jingine, hata hilo Lami la Rokeya nitaliitikia. Mama yako na aipende rangi yake ya mbinguni. Mimi mwanangu namtaka hapa hapa duniani.

Mkeo anayekungoja,
Morjina