Baiskeli kwenye Fomu ya Utafiti

Mpanda, Jumatano, Juni 1996

Wamekubali! Nilipiga ukelele palepale posta, karani akauliza, "Pole mama, kuna msiba?" Hakuna msiba, nimepata ufadhili wa utafiti.

Mkuu wangu wa idara chuoni alinicheka alipoona fomu yangu ya maombi: "Mhadhiri mzima unaomba baiskeli? Utatuaibisha." Wenzangu waliomba magari. Mimi ni mtoto wa Nsemulwa, hapahapa Mpanda. Mvua ikinyesha, gari halifiki kwenye vijiji vya wakimbizi wa Burundi kule Katumba.

Kirundi changu ni cha salamu tu, hilo linanitisha. Akina mama wataniimbiaje nyimbo za kubembeleza watoto ninazokwenda kuzikusanya? Mama kasema, "Mbebe mtoto wa mdogo wako. Akilia, wataimba wenyewe."

Na ndani ya bahasha ya majibu, iliyopitia idarani, Mkuu kachomeka kikaratasi: "Naomba nakala ya ile fomu yako ya baiskeli, nami nijaribu."