Mwezi Gani wa Kwenda Lamu kwa Ngendo?

Mshauri wetu, nakusalimu kwa jina la Bwana na naomba unisaidie kuchagua mwezi kwa sababu mimi nimeshindwa. Niko na binti, Ngendo, aliolewa Lamu na kijana Mwislamu anaitwa Farid, mwalimu mwenzake, na tangu aende sijawahi kumtembelea, na sasa wako na mtoto ambaye tayari anatembea na mimi sijamshika hata mara moja. Kila nikimwambia mzee wangu, Mutahi, twende, yeye ananijibu na hali ya hewa, Januari ati joto litatumaliza sisi watu wa baridi, Mei ati mvua, Julai ati upepo utapindua boti, Desemba ati kahawa itachumwa na nani, na mwaka unaisha hivyo. Ukweli ni kwamba Farid alipokuja hapa kwetu na wajomba zake kutusalimu, mzee aliwaacha wamekaa na chai, akaenda kukatia ng'ombe majani mpaka wakaondoka, na mimi sikumwita. Juzi Ngendo alipiga simu ofisi ya kiwanda cha kahawa, nikaitwa mbio, akaniuliza, "Mama, mnakuja lini?" Nikamwambia baba yako anangojea msimu mzuri. Akasema, "Basi niambie mwezi wowote, hata ule mbaya." Sikumtajia hata mmoja mpaka simu ikakatika. Ni mwezi gani mzuri wa kwenda huko kisiwani?

Watiri, Wamagana, Nyeri

Mama Watiri, pole. La hali ya hewa ni rahisi, nalijibu kwanza. Aprili hadi Juni ni mvua, msiende. Julai na Agosti hakuna joto sana lakini bahari huchafuka. Desemba hadi Machi jua ni kali kwa mtu wa Nyeri. Nendeni Septemba: bahari inatulia, joto linavumilika, na kahawa yenu bado haijaiva.

Sasa nisikilize. Mzee wako haogopi joto, anamwonea haya Farid, na hakuna mwezi utakaomwondolea aibu hiyo. Nawe usijifiche nyuma yake. Ulimwambia binti habari ya msimu ukijua si kweli. Binti yako anakubali hata mwezi mbaya na wewe humtajii hata mmoja? Wacha hiyo tabia.

Kesho mpigie Ngendo, umtajie Septemba. Jumapili mkitoka kanisani mwambie mzee wazi: "Tulimkosea Farid, twende tumwombe msamaha." Mwambie mara moja, msigombane. Akikataa, mpikie githeri, mwachie ng'ombe wake, uende. Safiri mchana. Kwenye boti kaa katikati. Beba nduma, yale magimbi yenu, na leso ya kujitanda, sweta ibaki nyumbani. Farid mwombe msamaha wewe mwenyewe, hata kama umeenda peke yako.

Na ukifika mlangoni, usianze kueleza kwa nini ulichelewa. Mpokee mtoto.