Gesi ya Maji na Magadi ya Mami

Jumanne usiku

Si gesi iliniudhi, ni vile Mami alikohoa.

Kifua yake imeharibiwa na moshi ya kuni, na hiyo ndio sababu nilianza hii mambo ya kutoa gesi ya kupikia kwa maji. Leo nikaweka chumvi kwa maji, nikaingiza zile vijiti nyeusi za ndani ya betri ya tochi, nikaunganisha na betri ya pikipiki. Mapovu ikatoka. Lakini harufu ikakuwa kali kama dawa ya kufulia nguo nyeupe, na nilikuwa nimeweka hapo tu jikoni.

"Mwenda! Moshi haijatosha, sasa unataka kunimaliza na maji?"

Nilienda kumwaga.

Baadaye nikaona kwa simu ni chumvi inaleta hiyo sumu, wengine wanatumia magadi. Yetu iko kwa mkebe, ya kulainisha mahindi na maharagwe ya githeri. Niliogopa kuomba. Nilisimama tu mlangoni mpaka Mami akaniuliza nataka nini.

"Chukua kidogo. Na uende huko nje kwa shamba ya ndizi, mbali na mimi."

Huko haikunuka. Nilishika gesi kidogo kwa chupa, nikawasha kiberiti. Pu! Mami akacheka huko jikoni.

"Sasa hiyo ndio itaivisha githeri?"

Nikasema itaivisha. Lakini niliona vile ilikuwa kidogo, hata kikombe ya chai haiwezi kupasha. Sijui nitamwambia aje.

Kesho nitampasulia kuni iliyokauka vizuri. Hiyo haina moshi mingi.