Wimbo Tuliourekodi Nikiwa Stoo

Alhamisi, Oktoba. Jua limeipiga Nchelenge tangu asubuhi na ziwa halikutikisika hata kidogo. Nimerudi Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, nguo zikinuka chisense, wale dagaa wetu wa Mweru, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Kwa miaka mingi nimeandika hapa kwenye blogu yangu kwamba mila ya kumkimbia mama mkwe ni ujinga. Kwetu mwanaume haangaliani uso kwa uso na mama wa mke wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mimi niliiita woga uliovalishwa heshima. Msomaji mmoja alinijibu kwa upole, nikamshambulia mpaka akaacha kuja.

Leo nimejifungia stoo saa tatu nzima kwa sababu ya mila hiyohiyo.

Bendi yetu ya roki ni watu wawili: mimi na gitaa la umeme, Chola na ngoma zake. Chola ni mtu wa Nchelenge, Kiswahili alikipata kwa kuwauzia samaki Wakongo. Tunatengeneza wimbo wetu wa kwanza wa kutoa, baladi ya roki, ile inayoanza polepole kama mtu anayeomba radhi, kisha gitaa na ngoma zinalipuka pamoja. Maneno ni yangu. Yanamhusu mke wangu Jolie, aliyevuka ziwa kurudi Pweto, kwetu Kongo, mwaka jana. Ubeti wa pili unasema alinikimbia.

Hatuna mwimbaji. Sauti moja tu kambini inaweza kukibeba kibwagizo kile, nayo ni ya Mama Véro wa kwaya, mama yake Jolie. Chola ndiye aliyemwomba. Tulipanga nipige asubuhi, niondoke, yeye aje mchana. Vibali vyetu vya kutoka kambini vilikuwa vya leo tu.

Studio ni chumba nyuma ya duka mjini Nchelenge, kuta zimefunikwa nyavu kuukuu na magodoro ili sauti isirudi. Mlango wa kutokea ni mmoja. Nilikuwa stoo ya ndani, gitaa begani, nikitafuta waya nilipomsikia Mama Véro akisalimia. Alikuwa amepata lifti, akafika kabla sijaondoka. Nikavuta mlango wa stoo, nikakaa juu ya gunia gizani.

Chola alimnong'oneza kitu.

"Najua kama iko mule," alijibu. "Viatu vyake minaviona hapa."

Zilikuwa hatua sita tu mpaka nje. Nilishika kitasa mara mbili, mkono ukakataa. Hoja zangu zote nilikuwa nazo mle ndani, na hakuna hata moja iliyofungua mlango.

Akaimba ubeti wa kwanza. Sauti ilipita kwenye mbao ikanikuta kifuani. Alipofika wa pili akasimama.

"Umuambie ule mwenye kuandika," alimwambia Chola, kana kwamba mimi niko Lubumbashi, "mutoto yangu hakumukimbia. Alikosa fasi ya kutia neno. Bwana yake anajibiaka mutu mbele hajasema."

Chola akaja mlangoni kunifikishia. Nikasema nimesikia, na amwambie kwamba kwanza kabisa...

"Mudala," Chola akanikata, kwa neno lao la mzee, "ni ile ile anasema."

Nikarudi kukaa juu ya gunia.

Siku Jolie anaondoka, tulisimama penye mitumbwi. Nilimpa sababu tatu za kwa nini anakosea. Kabla ya kupanda alifungua kinywa, mimi nikaongeza ya nne. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Hilo sijawahi kuliandika hapa.

"Umuambie ile ubeti ya pili tunaitoa," Mama Véro akaendelea. "Pale tuache kimya. Kisha apige gitaa. Lakini asiseme."

Chola alipitisha waya chini ya mlango. Mama Véro akaimba, akanyamaza. Nilihesabu ule ukimya gizani na ulikuwa mrefu kuliko safari yoyote ya mtumbwi niliyowahi kufunga. Kisha nikapiga. Jasho liliteleza vidoleni na noti moja ikatoka imevunjika. Chola alitaka turudie. Mama Véro akasema iachwe.

Mwishowe akatangaza: "Umuambie minageukia ukuta. Apite."

Nikapita nyuma ya mgongo wake, kichwa chini, nikachukua viatu vyangu, nikavivaa nje.

Sasa wimbo uko kwenye simu yangu na namba ya Jolie iko mbele yangu. Nimeandika maelezo ya kuusindikiza, marefu, yenye sababu. Nimeyafuta. Nimeandika mafupi. Nimeyafuta pia.

Je, ninaweza kuutuma peke yake, kisha nikakaa kimya mpaka yeye aseme?