Babu Gumbi apanda jukwaani

Hlengiwe, mwenzio nimeumbuka!

Si unaijua ile dansi yetu ya wavuta riksho, vile vigari vya abiria vya magurudumu mawili, huko Durban enzi za makaburu? Leo navuta riksho jukwaani kwa mateso, naburuta miguu, machozi yananitoka.

Babu mmoja akapaza sauti: "We kijana, kwani nani kafa?"

Nani kafa! Mbele ya watu wote!

Kumbe ni Babu Gumbi, kavuta riksho ufukweni miaka ishirini. Akapanda jukwaani, akamketisha mwalimu wetu kwenye riksho, akashika mipini ya riksho, akaruka. Riksho ikabinukia nyuma, mwalimu miguu juu: "Babu, nishushe, tafadhali!"

Babu ananing'inia hewani kwenye mipini, anacheka: "Umesikia, kijana? Hapa ndipo kaburu alipojifunza kuniambia tafadhali."