Shamba Tulilopewa Baada ya Vita Linafunguliwa Tena

Kwa mshauri wetu mheshimiwa, ama baada ya salamu, nakuandikia kwa sababu hapa kwetu sina tena mtu wa kumwambia neno langu, kila ninayemtazama naona ana lake moyoni, hata wa nyumbani mwangu. Mimi naitwa Mize, mzaliwa wa Mafia, upande wa Ndagoni, na mume wangu ni Mfaume, mtu wa Umatumbi, aliyevuka maji kukimbia vita vya Maji Maji wakati vijiji vya kwao vilipochomwa, akaja na wenzake hawana kitu, na serikali ya Wadachi ikawagawia pori lisilokuwa na mwenyewe, bwana mkubwa wa boma la Chole akaja kwa miguu yake, mipaka ikatembewa mbele ya watu, kila mmoja akaambiwa hapa ni pako na wanao. Mimi niliolewa naye juu ya ardhi hiyo, tukafyeka, tukang'oa visiki, tukapanda minazi, na mwaka huu ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Sasa amekuja akida mpya, naye anasema ugawaji ule ulifanywa kwa haraka, wapo walioitwa wakimbizi na si wakimbizi, kwa hiyo mashamba yote yatafunguliwa tena na kila mtu athibitishe upya, nami najiuliza mbona hili halikusemwa tulipokuwa tunachimba visiki, linasemwa leo nazi zinapoanguka. Kisha akaniita mimi peke yangu nyumbani kwake, akanikaribisha kahawa, akasema, "Wewe ni mtoto wa hapa, neno lako litasadikiwa. Jirani yako Bi Somoe alikimbia vita, au alimfuata mwanamume?"

Nikamwambia, "Alikuja na wenzake."

Akasema, "Alikuja na sanduku. Mkimbizi gani huja na sanduku? Ukaliseme hilo bomani, na shamba lenu halitaguswa."

Bi Somoe ni mjane, anaishi peke yake, shamba lake limepakana na letu, na ni yeye aliyenikanda na kunipikia uji nilipojifungua. Lakini mshauri, ni kweli alikuja na sanduku, nililiona kwa macho yangu, na tangu akida aliponiambia hivyo, kila Bi Somoe akipita namtazama nikisema moyoni, huyu je, alikimbia kweli, na juzi nikajikuta namuuliza kijiji chao kiliitwaje na mto wao ulipita upande gani, akanijibu, kisha akanitazama sana.

Na zito kuliko yote ni mume wangu. Siku hizi anatoka haniagi. Nilimfuata kwa mbali hadi Utende, nikamwona ameketi barazani kwa Ghalib, yule mwenye mashamba makubwa ambaye tangu zamani haoni raha sisi kupewa pori lile, wanaongea vichwa vimekaribiana. Aliporudi nikamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikwenda kutazama madema yangu." Na madema yenyewe ya kutegea samaki yako uani, yamekauka, utando wa buibui umo ndani. Nahisi amekwisha kumsaliti Bi Somoe kwa Ghalib ili sisi tusalie, au ametusaliti sote na yeye ana safari yake ya kurudi kwao. Nikashuhudie ili niokoe shamba la wanangu, au ninyamaze nifukuzwe pamoja na wengine? Naomba msaada wako, siku ya shauri bomani i karibu.

Ni mimi, Mize

*

Mize, nimekusoma mara mbili. Kwanza nilikuonea huruma, kisha nikakukasirikia. Nianze na shamba.

Serikali ina nguvu, hilo sote twalijua. Lakini nguvu yake ya kuigawa ardhi ile ilifanya kazi yake siku mipaka ilipotembewa. Ilitoa, mkapokea, mkakaa, mkalima, na hakuna aliyelalamika. Shauri hilo limekwisha. Haiwezi kurudi leo ikasema imefikiri tena, wala mkubwa mpya hagawi upya kwa sababu yeye ni mpya. Ingekuwa hivyo, pwani nzima nani angepanda mnazi? Iko sababu moja tu ya kulifungua: mtu awe alilipata shamba kwa kudanganya, na uongo wake uthibitishwe. Hata hapo anaitwa yeye mmoja, anaambiwa kosa lake, naye anajibu mbele ya anayemshitaki. Hawaitwi wote kuthibitisha upya kile walichokwisha kupewa. Tena aliyetoa ni bwana mkubwa, na akida hawezi kuvunja alichotoa mkubwa wake. Ndiyo maana anakutaka wewe. Kama angekuwa na uwezo, asingepoteza kahawa yake.

Na sanduku si ushahidi. Mtu nyumba yake ikiwaka hubeba kilicho karibu na mkono.

Sasa wewe. Unamlaumu akida kwa kumhukumu mjane kwa dhana, na mumeo umemhukumu kwa nini? Kwa madema makavu. Amekuambia uongo, amekosa, lakini hukumuuliza swali la pili. Ulikwenda kumnyemelea njiani kama mwizi wa kuku, ukarudi ukakaa na hasira zako.

Usirudi kwa akida peke yako; akikuita, nendeni wawili. Usiweke jina lako wala dole gumba kwenye neno usilolijua kwa hakika. Msiondoke shambani, limeni, angueni nazi zenu kama kawaida. Kisha wakimbizi wote mwende bomani Chole pamoja, muwachukue na wale waliotembea mipaka, mseme: mwenye kutushitaki atushitaki hapa. Na kabla ya hayo yote, leo, mwambie Mfaume kwamba ulimfuata. Anza wewe.

*

Jibu hilo nilimpelekea Mize kwa mkono wa msafiri kabla ya kulichapa, kwa kuwa shauri lilikuwa karibu. Sasa amenijibu, na wasomaji wana haki ya kujua.

Alimwambia mumewe. Mfaume akasema, "Nilisikia umekunywa kahawa kwa akida. Nikadhani umekwisha kutuchongea." Kwa Ghalib alikuwa akienda kumsihi aje kushuhudia, maana Ghalib ni mmoja wa waliotembea mipaka. Ghalib hakukubali wala hakukataa. Lakini siku ya shauri alivuka hadi Chole, akasimama, akasema, "Nilikuwapo. Walipewa. Sikupenda siku ile na sipendi leo, lakini walipewa."

Bwana mkubwa akamuuliza akida ni nani aliyedanganya, na alidanganya nini. Akida akasema, watu wanasema. Akaambiwa awalete hao watu. Hakuwa na hata mmoja. Mashamba yamebaki kwa wenyewe, na la Bi Somoe limo.

Ila Mize ananiandikia kwamba Bi Somoe aliyaelewa yale maswali ya kijiji na mto. Siku hizi anakwenda kisimani kwa njia ndefu ya nyuma, na Mize akimwamkia shikamoo, hapati marahaba. Ananiuliza aende kulalamika wapi.

Hakuna baraza la jambo hilo, Mize. Mwamkie kesho, na kesho kutwa, na siku zote atakazopita, wala usimdai akuitikie.